Kicheko Baada ya Kiharusi

Kama umepata kiharusi na sasa unajikuta unacheka mahali pasipo na cha kuchekesha, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Nimeyaandika pia kwa ajili ya yule anayekusindikiza kliniki, anayekaa pembeni yako kwenye benchi akiwa amekushikia daftari. Yeye hasa.

Naitwa Milembe. Ni fundi cherehani hapa Bariadi mjini, nashona sare za shule. Mume wangu Mayunga ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto wetu wawili wameshatoka nyumbani, mmoja ameolewa Maswa, mwingine yuko chuo.

Mwaka mmoja kabla ya kuugua nilikwenda zahanati kwa sababu ya mgongo, wakanipima presha wakaikuta juu. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nisiviache. Nilimeza miezi mitatu hivi. Tatizo lake vilikuwa vinanipeleka chooni kila mara, na choo cha pale sokoni kiko mbali na kibaraza ninachoshonea. Ilipofika Desemba wazazi wakaanza kuleta vitambaa vya sare, nikaona siwezi kuwaacha wateja wamesimama kila nusu saa. Nikaviacha. Kichwa hakikuuma, kizunguzungu sikukiona, nikasema basi, presha imekwisha. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama bado nameza. Nikamwambia ndiyo.

Wiki ile ya shule kufunguliwa, Jumanne asubuhi, nilikuwa nakata sketi. Kitambaa kikawa kinateleza kutoka mkono wa kushoto. Nakivuta, kinateleza tena. Nilidhani ni kitambaa chenyewe, kile cha tetroni kina ulaini wake. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri sare ya mwanawe akaniambia, "Fundi, mdomo wako umekwenda upande." Nikajipangusa kama mtu aliyeambiwa ana unga shavuni. Nilipotaka kumjibu, ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka kama ya mlevi. Nikaona aibu. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba nimechoka, nikaingia ndani nikalala juu ya marobota ya vitambaa.

Ilikuwa saa tatu. Mayunga alinikuta pale saa nane alipotoka kazini, akanikimbiza hospitali. Daktari wa zamu alipouliza ilianza saa ngapi, mume wangu alinitazama mimi. Nikaonyesha vidole vitatu vya mkono wa kulia. Daktari aliandika, kisha akasema taratibu kwamba tulipaswa kuja asubuhi ile ile. Hakugomba. Hata leo naisikia sauti yake, kwa sababu hakugomba.

Nilikaa wodini siku kumi na mbili. Upande wote wa kushoto ulikuwa umelala. Mkono ule niliuona kama umesahauliwa kitandani na mgonjwa aliyenitangulia. Mate yalinitoka bila kujua, na uji ukinipalia mpaka muuguzi mmoja akatufundisha kwamba uwe mzito na niinamishe kidevu kila ninapomeza. Muuguzi huyo ndiye aliyenisuka pia, mistari mitatu tu mikubwa, ili nisilalie nywele zilizojisokota. Hakuna aliyemwomba. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo ninayoyakumbuka kuliko sindano.

Tuliporuhusiwa likaja swali la nani atanitunza. Mayunga ana vipindi mpaka mchana. Binti yetu ana mtoto mchanga. Tukiwa bado hatujaamua, mama mkwe wangu akafika kutoka Kasoli na mfuko wa michembe, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kitenge kimoja cha kubadilisha. Aliitwa Ngolo. Ulikuwa wakati wa palizi ya pamba, na alikuwa amemwachia shamba lote wifi yangu Holo, mdogo wake Mayunga, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye. Nasikia Holo hakufurahi. Mtu mmoja kupalilia ekari nne si mchezo.

Niseme ukweli juu yangu na mama mkwe. Hatukuwahi kugombana, lakini sikuwa mkwe mwema. Tangu tuhamie mjini nilikwenda Kasoli kwenye misiba na harusi tu. Alikuwa anatumia ugoro, na alipokuja kututembelea nilimtengea kikombe chake mwenyewe, cha bati, vingine nikavipandisha juu ya kabati. Alikinywea kile cha bati bila kusema neno. Sasa mtu huyo ndiye aliyekuja kuniogesha.

Kwa sisi Wasukuma mama mkwe na mke wa mwanawe wana heshima yao, hawavuliani nguo. Siku ya kwanza aliponikalisha kwenye kiti cha plastiki pale bafuni nililia kwa aibu. Yeye akamimina maji kwenye kopo, akajaribu joto lake kwa kiwiko.

"Funga macho basi, mayu," akasema. "Nitaona mimi tu. Wewe hutaona."

Nikafunga macho. Tangu siku hiyo aliniita mayu nami nikamwita mayu, mama kwa mama, mpaka mwisho.

Mtu wa mazoezi pale hospitali alituonyesha namna ya kunyoosha vidole na kukanyaga. Mayu aliangalia mara moja, akaenda nyumbani akatengeneza mazoezi yake. Alimwaga choroko kwenye ungo akaniambia nichague mawe kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni nilikuwa nazisukuma tu kama kuku mgonjwa. Mvua za mwezi wa pili zikapita, za mwezi wa tatu zikaja, na siku moja kidole gumba kikakutana na cha shahada, jiwe likatoka. Akalichukua lile jiwe akalitazama juani, halafu akalitupa nje, akasema tuendelee.

Kliniki ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Tulifika saa moja asubuhi na kukaa kwenye benchi refu ukutani, tukisogea kadiri watu wanavyoitwa. Mwisho wa benchi kuna meza yenye mashine ya presha. Unaweka mkono, muuguzi anakufunga kile kitambaa, kinajaa upepo, anaandika. Kisha unaingia kwa daktari. Mayu hakujua kusoma, lakini alilishika daftari langu kwa mikono miwili kama hati ya shamba, na nikitoka ndani aliuliza neno moja, "Imeshuka?"

Kicheko kilianza mwezi ule wa tatu. Mayunga alirudi akatueleza kwamba upepo umeezua darasa moja na mwalimu mwenzake ameumia bega. Nikacheka. Mayunga naye akatabasamu, alifurahi kunisikia nacheka tena. Lakini hakikukoma. Kilitoka chenyewe kifuani, kwa nguvu, machozi yakatoka, pumzi ikakata, na ndani yangu hapakuwa na furaha hata punje. Ilikuwa kama kutapika. Kilipokwisha nilikuwa nimelowa jasho.

Kikawa kinakuja. Jirani akisimulia mtoto anaumwa, nacheka. Siku nyingine kinageuka kilio, nalia kwa sababu mtu amenisalimu. Jirani zetu walidhani napona, wakasema afadhali sasa mama ana furaha. Mayu ndiye peke yake aliyetazama uso wangu wala si mdomo.

"Hiki si kicheko chako," aliniambia. "Mwambie daktari."

Nikamwahidi nitamwambia. Sikumwambia. Kila mwezi daktari aliuliza mguu, mkono, vidonge, usingizi, na mwisho akauliza kama kuna tatizo jingine. Nikasema hakuna. Niliogopa wataniandika kwamba nimerukwa akili, na daftari lile lilisomwa na kila mtu. Usifanye nilivyofanya. Hata kama jambo linakuaibisha, hata kama unaona halihusiani na ugonjwa, liseme. Mimi kutokusema kumenigharimu nisichoweza kukirudisha.

Kliniki ya mwezi wa nne, kabla ya Pasaka, tulikuwa tumekaa kwenye benchi, watu watatu mbele yetu. Mayu alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, amekikaza. Akasema kichwa kinamuuma kisogoni tangu juzi, na asubuhi ile aliona vitu viwili viwili. Nikamwambia ni jua, tukifika nyumbani apumzike. Nilikuwa nawaza juu ya vidole vya mguu wangu, vilivyokuwa vimeanza kujikunja ndani ya kiatu. Nikaitwa, nikaweka mkono mezani, nikapimwa, nikaingia ndani. Nilipotoka aliniuliza, "Imeshuka?" Nikamwambia imeshuka. Akafurahi.

Mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa natembea kwa fimbo na kujipikia uji. Pamba ilikuwa imepasuka Kasoli, Holo akawa anapiga simu kila siku. Mayu akafunga kitenge chake. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti nikamwambia wabeja, asante, kama mtu aliyeazimwa chumvi. Nilidhani nitapata siku nyingine ya kumshukuru vizuri.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, tumetoka kanisani, Holo akapiga simu kwa Mayunga. Mama alikuwa anachuma pamba akaanguka, upande mmoja hausogei, wako zahanati wanasubiri gari la wagonjwa. Mayunga alikata simu akaniambia, "Mama amepatwa na kama chako." Tulipofika hospitali alikuwa hasemi wala hafungui macho. Jua lilikuwa halijazama alipokata roho.

Tulimzika kesho yake Kasoli. Nilikaa na wanawake chini, mbele kabisa, mahali pa mkwe. Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuwa nao hata kwa wazazi wangu. Katekista aliomba, jeneza likaanza kushushwa kwa kamba, na Holo akaita "Mayu" mara moja, kwa sauti ndogo, kama anamwita ndani ya nyumba. Hapo nikakisikia kinapanda. Nikauma ulimi. Nikabana kitenge mdomoni. Kikapasua.

Nilicheka mbele ya kaburi la mama mkwe wangu, watu wote wa Kasoli wakinisikia. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba, ikanyamaza. Wanawake wawili wakanishika makwapani wakanipeleka nyuma ya nyumba, na njia nzima nilikuwa nacheka huku machozi yakinitoka. Nilijua wanachofikiri. Mkwe wa mjini, aliyemfanya bibi wa watu mtumishi, anafurahia kifo chake. Yalisemwa na mengine ambayo mwanamke wa huku akishasemwa hawezi kulala kwa amani, nayo sitayaandika.

Baada ya maziko Holo alinifuata pale nyuma. Hakupiga kelele.

"Usirudi kwetu," akasema.

Nyumbani Mayunga aliacha kuniongelesha. Alinipikia, alinifunga kamba za viatu, alinihesabia vidonge, yote hayo akiwa amefunga mdomo. Akina mama wa jumuiya waliokuwa wanakuja kila Ijumaa hawakuja. Nilifanya mazoezi ya choroko peke yangu, kisha nikaacha.

Kliniki ya mwezi wa saba Mayunga aliomba ruhusa shuleni akanipeleka yeye, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Akaingia nami kwa daktari. Alikuwa daktari mpya, mwanamke, kijana kuliko binti yangu. Akauliza kama kuna tatizo jingine. Nikasema hakuna.

"Anacheka," Mayunga akasema. "Alicheka tukimzika mama yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama huwa nalia pia bila sababu, kama najisikia furaha kinapokuja, kama naweza kukizuia. Kisha akamgeukia mume wangu akamweleza kwamba ni ugonjwa ule ule, kiharusi kimegusa mahali panapoongoza kicheko na kilio, kwamba anawaona wengi, na wengi wanaficha. Akasema kuna kidonge cha kukipunguza, na akakiandika hapo hapo. Dakika tano. Ningeweza kuzipata mwezi wa nne.

Tulipotoka Mayunga alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa mikono. Baadaye akasema, "Nilidhani una jambo moyoni na mama. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Muuguzi wa pale mezani alimwona ameinama hivyo, akamwita, akamwambia, mwalimu, hebu njoo na wewe tukupime. Mayunga akasema yeye si mgonjwa, amesindikiza tu. Muuguzi akasema hata wanaosindikiza wana mishipa. Akaweka mkono. Mashine ikajaa upepo, ikashuka, muuguzi akasoma akasema uko salama, rudi baada ya miezi sita. Watu hawakuwa wamesogea hata nafasi moja kwenye benchi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mayu alikuja kwenye benchi lile miezi minne mfululizo. Alikaa hatua nne kutoka kwenye ile mashine. Aliniambia kichwa kinauma, macho yanaona viwili, na mimi, mtu ambaye presha ilikuwa imeniangusha, nikamjibu kwamba ni jua. Mdomo wangu ulikuwa umeshanyooka kiasi cha kusema, naomba mpimeni na mama huyu. Nililia, na safari hiyo kilikuwa kilio changu.

Vidonge vile vilifanya kazi polepole. Kufika mwisho wa mwezi wa nane kicheko kilikuja mara chache, na kifupi. Mayunga alikuwa ameshamweleza Holo kwa simu yale aliyosema daktari. Alisikiliza, akasema sawa, akakata. Mwezi wa tisa nikamwambia mume wangu nataka kwenda Kasoli peke yangu. Alinipandisha gari la asubuhi, akamwomba kondakta anisaidie kushuka.

Holo alikuwa shambani karibu na nyumba anang'oa miti ya pamba ya mwaka ule na kuilundika ichomwe. Aliniona nikija na fimbo yangu, mguu unakwangua vumbi, akaendelea kung'oa. Nikamsalimu. Akaitikia bila kunyanyua kichwa.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Bariadi. Nikaanza kwamba nimekuja kwa ajili ya siku ile ya maziko, na kabla sijamaliza kikaja. Kidogo, lakini kikaja. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Holo aliacha mti aliokuwa ameushika. Akasogea mpaka karibu, akanitazama usoni kwa muda mrefu, machozi, mishipa ya shingo, mkono wangu ukibana kifua. Nadhani siku ya maziko alikisikia tu, hakukiona. Akaingia ndani akaleta kigoda, akakiweka nyuma yangu, akanibonyeza bega nikae. Yeye akakaa chini kwenye udongo akasubiri mpaka kikaisha.

"Ndivyo kinavyokuja?" akauliza.

"Ndivyo."

Akachora chini kwa kijiti. "Mayu aliniambia aliporudi. Alisema Milembe ana kicheko cha ugonjwa, tusimshangae. Siku ile nilisahau. Nilikuwa na uchungu, wifi. Hilo limekwisha."

Ningeweza kuondoka hapo. Nilikuwa nimepata nilichofuata, na gari la kurudi lingepita baada ya muda si mrefu. Lakini nilimweleza na lile la benchi. Nilimweleza kitambaa, kisogo, macho, meza ilivyokuwa karibu, na nilivyomjibu.

Holo akakiweka kijiti chini.

"Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa nne. Kabla ya Pasaka."

Nikamwona anahesabu kwa vidole, wa nne, wa tano, wa sita. Kisha akainuka akarudi kwenye mstari wake. Aling'oa mpaka mwisho wa shamba, mti kwa mti, hageuki. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Sikujua kama nimsubiri au niende, nikasubiri.

Aliporudi alinipa maziwa mgando kwenye kibuyu kidogo, akanisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipoonekana akaniuliza kliniki yangu ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi ya kwanza.

"Nitakuja," akasema.

Alikuja. Muuguzi alimpima, akampumzisha, akampima mara ya pili, kisha mkono wa pili. Ilikuwa juu. Ana miaka arobaini na miwili na hakuwahi kujisikia vibaya. Sasa anameza vidonge. Analalamika vinampeleka chooni, na mimi namwambia aende, pamba itamsubiri.

Mwaka umepita. Mkono wa kushoto unashika kitambaa, ingawa hauwezi kupanga mikunjo midogo, kwa hiyo sketi nimemwachia fundi mwenzangu, nashona mashati. Kila anayeleta sare kushonesha namuuliza kama amepima presha, na wengine wananiona msumbufu. Kaburini nimekwenda mara mbili. Mara zote nilifika nikiwa na maneno ya kumshukuru, na mara zote nilibaki nimesimama tu.

Alhamisi ya kwanza mimi na Holo tunakaa kwenye benchi, kila mtu na daftari lake. Kicheko alinisamehe, alisema kwa kinywa chake. Lile jingine hajasema, na mimi sijamuuliza. Tunasogea kidogo kidogo, tunasubiri majina yetu yaitwe.